Anayewalisha Hashiki Kisu

Tarehe 3 Machi

Baba, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "eeh, eeh" mpaka mwisho, kisha nagundua hukusikia hata neno moja. Barua haijibiwi kwa eeh.

Nilipokuja Januari nilikuona ukivua koti. Mshipi wako una tundu jipya, na nilijua kwa udogo wake kwamba umelitoboa kwa bisibisi ya saa. Sikusema kitu kwa sababu wageni walikuwepo. Hapa jikoni kwa wagonjwa napima nyama kwa mizani kila siku, huyu gramu mia, yule mia na hamsini, kama daktari alivyoandika. Haiingii akilini nilishe wodi nne halafu baba yangu mwenyewe anyauke kwa chai na mkate. Tangu Mama atutoke mwezi wa nane, kila nikikuona umepungua.

Chumba cha nyuma kimeshapakwa rangi. Dirisha linatazama mashariki, na mwanga wa asubuhi utakuangukia mikononi ukiwa unafungua saa za watu. Ulisema huwezi kuhamia kwangu kwa sababu ya kuku. Kuku saba, Baba. Basi tufanye hivi: kila Jumamosi mmoja. Chinja, pika, kula mpaka ushibe. Baada ya wiki saba banda litakuwa tupu, wewe utakuwa na mashavu, nami nitakuja kukuchukua.

Usiniambie huwezi. Tangu nikiwa mdogo wewe ndiye uliyekuwa ukichinja pale nyumbani, na sikuwahi kukuona ukisita.

Mwanao,
Kijiko


Tarehe 11 Machi

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Barua ilifika siku ya nne. Bahasha imelowa kona moja lakini maneno ni mazima.

Nimetii. Jumamosi nilianza na jogoo, kwa kuwa ndiye mwenye makelele na ndiye asiyetaga. Nyama ilikuwa ngumu, ilikaa jikoni tangu saa nne mpaka saa nane mchana. Nimekula. Mifupa nimeifukia nyuma ya choo.

Saa ya ukutani ya shule imeletwa tena. Wanadai inakimbia. Haikimbii, mwalimu mkuu anaisogeza mbele kila Ijumaa ili aondoke mapema, kisha Jumatatu anashangaa. Nimeirudisha kama ilivyoletwa.

Kwa maelezo yako chumba ni kizuri. Angalia kama dirisha lina pazia. Mwanga ukizidi unasumbua ile lenzi ninayovaa jichoni.

Tundu la mshipi sikulitoboa kwa bisibisi. Ni msumari.

Baba yako,
Fundi Saa


Tarehe 20 Machi

Baba, shikamoo.

Nilicheka peke yangu kwenye stoo ya vyombo mpaka mwenzangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia baba yangu amemla mtu aliyemwamsha kila siku kwa miaka mitatu.

Nyama ikiwa ngumu tia kipande cha papai bichi kwenye sufuria, italainika. Meza ya kazi nimeshaiagiza kwa seremala. Nimemwambia aweke ukingo pande zote ili skrubu zisidondoke ukaanza kuzitafuta kwa magoti. Pazia lipo.

Ila kuna jambo moja. Ukila, kula nyama yenyewe. Usifanye kama Mama. Unakumbuka? Sufuria ikiiva anatugawia sisi, anakugawia wewe, kisha yeye anajimiminia mchuzi kwenye lile bakuli lake la bluu na kusema ndio anaoupenda. Mimi nilikuwa nakula paja huku najua ni lake. Hatia hiyo ninayo mpaka leo, na ukitaka kujua kwa nini nikawa mpishi wa wagonjwa, sababu nadhani ni hiyo. Sitaki mtu mwingine aniachie. Wewe kula.

Mwanao,
Kijiko


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Mambo yanakwenda kama ulivyopanga. Wameliwa wanne, wamebaki watatu. Yule mwenye madoa alikuwa na mafuta kuliko nilivyotegemea. Papai limesaidia.

Kuhusu mchuzi wa mama yako, kuna jambo nitakueleza siku moja.

Jirani yetu, yule mama mshona magodoro, anakusalimu. Amenishonea mto mpya. Anasema pamba ya ule wa zamani ilikuwa imeshakata tamaa. Shingo haiumi tena, nami ninalala mpaka asubuhi.

Saa zinazoletwa siku hizi nyingi ni za betri. Mtu anatoka mbali kuja kubadilishiwa betri na kuniita fundi.

Jana niliokota mayai matano, nikampelekea jirani mawili.

Baba yako,
Fundi Saa


Tarehe 9 Aprili

Mama Jirani, shikamoo.

Mimi ni binti wa Fundi Saa. Tumeonana mara mbili tu, msibani na Januari, lakini msibani ulinishika mkono muda mrefu na sijasahau.

Nina swali. Baba ameniandikia kwamba kuku wake wamebaki watatu kwa kuwa wengine amewachinja na kuwala. Katika barua hiyohiyo anasema ameokota mayai matano kwa siku moja. Mimi napokea trei za mayai kila asubuhi kazini, na sijawahi kusikia kuku watatu wanaotaga matano. Naomba uniambie ukweli. Kuku wako wangapi, na baba yangu anakula nini?

Nimepanga aje kukaa kwangu kuku wakiisha. Ndiyo maana nauliza.

Wako,
Binti wa Fundi


Tarehe 15 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Kuku ni saba. Jogoo unayeambiwa ameliwa ameniamsha leo alfajiri, na jana, na juzi.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ukisikia nusu utamhukumu vibaya. Baba yako ananiambia kwamba nyumbani kwenu kulikuwa na kanuni, anayewalisha kuku hashiki kisu. Mama yako alilisha miaka yote, yeye akachinja miaka yote. Sasa anayelisha ni yeye, kwa hiyo wa kushika kisu hayupo. Nilimwambia kanuni ya watu wawili haimfungi mtu mmoja. Akaaga akarudi kwake.

Barua yako ya kwanza ilipofika alikuja kwangu na yule tetea mwenye madoa kwapani. Akasema, "Mimi sijawalisha wako, wewe hujawalisha wangu. Tubadilishane." Nikaona ana akili. Nami nina kuku watano, na tangu nifiwe na mume wangu sijachinja hata mmoja. Tukapanga Jumamosi.

Jumamosi akaingia uani kwangu na kisu alichokinoa mpaka ungeweza kunyolea ndevu. Kuku wangu wote wakamjia mbio, wakamzunguka miguuni. Akasimama hapo kama aliyesahau alichofuata. Ndipo akakiri kwamba kila asubuhi akimaliza kuwalisha wake, pumba inayobaki kwenye kopo huitupa upande wangu wa ukuta ili isiharibike. Kwa hiyo na wangu amekuwa akiwalisha tangu Agosti. Ningemcheka, ila nami nilikuwa na langu. Maganda ya mboga zangu huwa nayatupa upande wenu.

Tuliweka visu kwenye ndoo, tukanywa chai. Jioni akanambia anakwenda kukuandikia kwamba amekula jogoo. Nilimwambia atajuta.

Anakula mkate, mayai, na maharage nikipika mengi. Nyama ya buchani hanunui. Anasema nusu kilo ni nyingi kwa mtu mmoja, na robo muuza nyama anamtazama vibaya.

Hukuniuliza hili, lakini nalisema mapema usije ukadhani nimekuficha. Akiondoka nitaumia. Sijamwambia abaki, wala sitamwambia. Ni baba yako, na wewe ndiye mwenye kumtunza.

Jirani,
Mshona Magodoro


Tarehe 22 Aprili

Baba,

Shikamoo ipo, ila leo sina mengi ya kuongeza juu yake.

Kuku ni saba. Yule mwenye madoa, aliyekuwa na mafuta kuliko ulivyotegemea, anatembea uani sasa hivi. Nilikueleza habari za papai, Baba. Nilimsimulia kila mtu jikoni kuhusu jogoo. Mifupa nayo, mpaka mahali ulipoifukia ukanitajia. Siku nzima nilifanya kazi kwa hasira, nikatia chumvi mara mbili kwenye uji wa watu wasiotakiwa kula chumvi kabisa, ikabidi tumwage sufuria nzima.

Nimeumia kwa sababu nilikuwa nakuona akilini ukinenepa.

Kanuni yenu naijua sasa. Hao kuku mimi sijawahi kuwapa hata punje. Nilihama kabla hawajaanguliwa. Basi mimi ndiye mtu mnayemhitaji. Nitafika Ijumaa tarehe 2 Mei na kisu changu cha kazini. Jumamosi asubuhi nitawamaliza wote saba, tutakula tunayoweza na nyingine tutawagawia majirani. Jumapili tunapanda basi. Tiketi mbili nimeshakata.

Anza kufunga vifaa vyako.

Kijiko


Tarehe 26 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Marahaba.

Nilidanganya. Kila kuku aliyekufa kwenye barua alikufurahisha, ndiyo maana niliendelea. Naandika watatu, nikiinua kichwa nawaona saba. Sijui nilitegemea nini siku idadi itakapofika sifuri.

Jambo la mchuzi nitakuambia sasa, kwa kuwa nimeshakuwa mwongo mbele yako na sina cha kulinda. Mama yako hakuwa anakuachia paja. Alikuwa hawezi kula. Mwaka tulipooana nilichinja kuku aliyemlea yeye, akatia tonge moja mdomoni, akatoka nje. Hakurudi mpaka sufuria ilipooshwa. Tukakubaliana tangu siku hiyo, yeye atalisha, mimi nitachinja, na kwenye sahani yake hapataingia nyama. Mchuzi aliweza. Nilimuuliza kwa nini mchuzi anaweza, akasema mchuzi hauna sura.

Alinikataza kuwaambia. Aliogopa mkijua na ninyi mtagoma, na mlikuwa watoto, mlihitaji kula. Akaona heri mdhani anawaachia. Hakujua utaibeba mpaka ukubwani. Angejua angesema. Paja lilikuwa lako tangu mwanzo, mwanangu.

Mimi kushika kisu hakukunisumbua hata siku moja, kwa sababu sikuwajua. Kwangu walikuwa kuku tu. Tangu Agosti nawajua. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, hali mpaka wengine wamalize. Jogoo anaokota punje nzuri kisha anaiweka chini na kumwita mwenzake. Mambo haya sikuyataka, lakini ukishayajua huwezi kuyarudisha.

Wewe hujawalisha. Kwa kanuni una haki, sitabishana. Njoo. Vifaa nimeshafunga isipokuwa lenzi.

Baba yako,
Fundi Saa


Tarehe 9 Mei

Baba, shikamoo.

Nilifika salama. Kiti cha pembeni yangu kilikaa bila mtu njia nzima. Nilikiwekea mkoba ili kisinitazame.

Nataka nikueleze ya Jumamosi, maana tulikunywa chai tukaongea habari za mvua, na jambo lenyewe halikuguswa. Niliamka kabla yako. Kisu nilikuwa nimekiweka mezani tangu jana yake, kimefungwa kwa kitambaa. Nilitoka nikiwa na nia ileile niliyokuandikia. Kuku walikuwa wanapiga kelele mlangoni mwa banda, na kopo la pumba lilikuwa palepale kizingitini. Nikawatupia kidogo ili wanyamaze wasikuamshe. Nilipokumbuka kanuni, walikuwa wameshaanza kula. Nilisahau tu, Baba. Mtu wa jikoni akiona mdomo wazi, mkono unakwenda wenyewe.

Basi ndiyo hivyo, sasa na mimi nimewalisha na hakuna aliyebaki. Mipango yote imeharibika kwa kiganja kimoja cha pumba.

Nilipita kumuaga jirani. Asubuhi nzima hakuwa ametoka nje, nilimsikia akipiga pamba kwa fimbo tangu alfajiri. Nilimkuta ameshika sindano kubwa ya magodoro, na tundu lake halikuwa na uzi. Nilimwambia unabaki. Akasema "sawa," akanitaka nimtungie uzi kwa sababu macho yake yamechoka. Nikamtungia.

Chumba nimekifunga kwa sasa. Rangi haiozi.

Mwanao,
Kijiko


Tarehe 16 Mei

Mwanangu Kijiko,

Marahaba.

Hukusahau. Nilikuwa dirishani. Ulichukua kopo, ukasimama nalo muda wa kutosha kutia saa ufunguo. Ukatazama dirisha langu, lakini pazia lilikuwa limeshuka, hukuniona. Ndipo ukatupa. Kisha ukarudi ndani ukakifungasha kisu kwenye mkoba wako kabla hujachemsha maji. Fundi wa saa huona vitu vidogo, ni kazi.

Sikusema chai ilipokuwa mezani kwa sababu ningelia, na nisingependa unione. Nilikaa na mama yako katika nyumba hii miaka thelathini na minne. Nilikuwa tayari kuiacha kwa ajili yako, ila sikutaka. Ahsante.

Sasa nina habari, nayo naomba uisome taratibu. Kishingo ameanza kuatamia mayai kumi na moja. Tangu Jumatatu kopo la pumba silishiki tena. Jirani ndiye anayewalisha wangu na wake. Tumetoa matofali sita ya juu ukutani ili avukie hapo, asiwe anazunguka barabarani na ndoo. Mimi hao saba siwezi kuwachinja tena mpaka wafe wenyewe, hilo limeshaisha, watakufa kwa uzee kama watu. Lakini vifaranga watakaoanguliwa sitawapa hata punje. Sitakaa nao. Nikipita uani natazama pembeni. Mwezi wa kumi majogoo watakuwa wamefikia kuchinjwa, na kisu nitakuwa na haki nacho.

Yeye atawalisha, mimi nitachinja. Nakueleza hivyo tu, sina maneno mengine ya kulisema. Wewe umeishi ndani ya kanuni hii, utajua maana yake. Ukiona si sawa kwako, niambie, matofali yapo, nitayarudisha.

Nakula. Analeta maharage na anasimama mlangoni mpaka sahani iishe. Mshipi umerudi tundu moja nyuma.

Baba yako,
Fundi Saa


Tarehe 27 Mei

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara moja nikaificha. Siku ya pili nikaisoma tena, nikalia kwenye stoo ya vyombo, si sana, kisha nikaenda kupima nyama za wodi ya pili. Nilimkumbuka Mama amesimama mlangoni na kopo. Nilitaka kukuandikia uyarudishe matofali. Niliandika kabisa, na barua hiyo nimeichana.

Usiyarudishe. Yafanyieni kazi nyingine, au mmwekee ngazi mahali hapo ili asijikwae na ndoo.

Meza ya seremala imekwisha. Haina kazi kwenye chumba kitupu, kwa hiyo nitaituma kwenu kwa basi la mizigo. Ni ndefu kuliko nilivyokusudia, upande mmoja utamtosha mtu anayeshona.

Mwezi wa kumi nitachukua likizo. Wewe chinja, mimi nitapika. Kwenye kabati la juu, nyuma ya birika, kuna bakuli la bluu. Lishushe, lioshe, uwe umempa kabla sijafika, ili nisije nikalitazama likiwa bado kabatini. Na akijimiminia mchuzi mtupu, Baba, mwache. Safari hii nitakula paja langu nikijua ni langu.

Msalimie. Mwambie shikamoo.

Mwanao,
Kijiko